Mwalimu Mgeni na Sikukuu ya Kwao: Fungu la Majirani wa Mpanda

Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba haina jina katika kalenda ya Mpanda. Mvua za kwanza zimekwisha kunyesha, wenye mashamba Kakese na Mwamkulu wameshika majembe, wauza mbegu na mbolea hawana nafasi ya kukaa, na shuleni watahiniwa wa Kidato cha Nne wanamalizia mtihani wa Taifa au wamekwisha kuaga. Ni siku ya kazi kama nyingine. Lakini ikiwa katika shule hiyo yupo mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, basi miongoni mwa mamia ya watu waliomo katika ua ule, mtu mmoja peke yake anajua kwamba leo ni sikukuu. Nchini kwao ofisi zimefungwa, barabara zimejaa watu wanaorejea kwa wazazi, na mama yake, akiamka tu, ataingia jikoni na hatatoka mpaka mchana. Yeye ameshika chaki na anaandika kanuni ya Pythagoras ubaoni. Watoto wanamwambia, "Shikamoo, mwalimu," naye anaitika marahaba kama jana na juzi.

Tumekaa jirani na walimu wa namna hii, na tumewasikiliza. Wengi hudhani kwamba kinachomwumiza mgeni siku ya sikukuu ya kwao ni kukosa chakula chake. Hilo lipo, lakini ni jambo dogo, maana tumbo husahau upesi. Kinachomwelemea ni kuwa peke yake katika kuijua siku. Mtu aliyekosa nyama ya Idi bado ana Idi ikiwa jirani amepita mlangoni na kumpa mkono. Aliyekula akashiba pasipo mtu wa kumwambia neno, huyo siku yake imepita bure.

Kurasa hizi za familia huzungumzia Idi zetu mbili kila mwaka. Leo tunaomba ruhusa ya kuizungumzia siku isiyo yetu, kwa sababu mwenye siku hiyo anawafundisha watoto wetu, na kwa sababu nyingine ambayo tutaifikia mbele.

Walimu hawa si wapya nchini. Shirika la kujitolea la serikali ya Marekani, Peace Corps, liliundwa mwaka 1961 chini ya Rais John F. Kennedy, na kundi lake la kwanza liliingia Tanganyika mwaka huohuo. Hao walikuwa wapima ardhi, wahandisi wa barabara na wanajiolojia. Walimu walifuata baadaye. Mwaka 1969, wakati serikali yetu na ya kwao hazikuwa zikipatana katika mambo mengi, waliondoka, na mwaka 1979 wakarejea. Machi 2020, maradhi ya korona yalipoenea, shirika liliwaita nyumbani watu wake wote waliokuwa duniani kote, na wengi waliondoka Tanzania bila hata kuagana na wanafunzi wao. Wajapani nao wana shirika lao la kujitolea, na watu wake wamekuwa wakija nchini tangu miaka ya 1960. Kwao siku kuu ya familia ni Mwaka Mpya, nayo angalau huangukia siku ambayo na sisi tunapumzika. Mwalimu wa Peace Corps hupewa mafunzo ya Kiswahili kwanza, kisha hukaa kituoni miaka miwili. Kwa hiyo Novemba humpitia mara mbili, pengine tatu.

Na Mpanda ni mbali. Wenyeji hawalipendi neno hili, nasi tunawaelewa, kwa kuwa mtu hawezi kuwa mbali na kwake mwenyewe. Hata hivyo ndivyo ilivyo kwa anayefika. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa zama za Waingereza kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa njia ya kutegemewa wakati wa masika. Katavi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa hadi ilipofanywa mkoa unaojitegemea mwaka 2012. Barabara ya lami ya kwenda Tabora ni ya miaka ya karibuni mno, na wazee bado wanasimulia magari yaliyolala Koga. Walimu wetu wenyewe, wenye wazazi Tanga, Moshi na Unguja, huripoti, huvumilia, kisha huandika barua ya uhamisho. Akiondoka mwalimu wa historia, mwenzake hukishika kipindi chake. Akiondoka mwalimu wa fizikia, mara nyingi hapana wa kukishika, na mtoto wako atafika kwenye mtihani akiwa amenakili daftari la kaka yake bila kugusa chombo cha maabara. Mzazi anayedhani kwamba hali ya moyo ya mwalimu haimhusu, na auangalie mfano huo.

Sasa, siku yenyewe ni ya nini? Wamarekani huiita Siku ya Shukrani. Husimuliwa kwamba mwaka 1621 Waingereza waliohamia Plymouth, baada ya kufiwa na nusu ya wenzao katika baridi ya kwanza, walivuna, wakala karamu kwa muda wa siku tatu pamoja na wenyeji wa nchi, watu wa kabila la Wampanoag, waliokuja wapatao tisini na chifu wao. Rais Abraham Lincoln aliitangaza kuwa siku ya taifa zima mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na sheria ya mwaka 1941 ikaipa mahali pake katika Alhamisi ya nne.

Katika kisa hicho yumo mtu mmoja ambaye tunapenda kumkumbusha kila mwalimu wa Kimarekani tunayemfahamu. Jina lake Tisquantum. Mwaka 1614 nahodha wa Kiingereza alimteka yeye na wenzake, akawapeleka Hispania kuwauza. Aliponyoka, akafika London, na aliporudi kwao mwaka 1619 alikuta kijiji chake chote kimekwisha kwa maradhi. Ni mtu huyo aliyewafundisha wageni jinsi ya kupanda mahindi na kuyarutubisha kwa samaki. Kwa maneno mengine, katika sikukuu hiyo mwalimu alikuwa mwenyeji, na mwanafunzi alikuwa mgeni mwenye njaa. Malipo hayakuwa mema: haikupita miaka sitini wajukuu wa karamu ile wakawa vitani, na wenyeji wakapoteza nchi. Tangu mwaka 1970 wapo Wampanoag na makabila mengine wanaokusanyika Plymouth siku hiyohiyo kwa ajili ya maombolezo. Tumeona walimu vijana wakilisimulia jambo hili wenyewe, kwa haya kidogo, kabla hawajaulizwa. Inatupendeza wanapofanya hivyo.

Mahindi hayo ndiyo haya yanayojaza maghala ya Mpanda. Asili yake ni bara la Amerika, na yalivuka bahari baada ya mwaka 1492. Hali kadhalika karanga, viazi vitamu, muhogo, nyanya, pilipili, maboga, na tumbaku inayolimwa katika mkoa wetu. Mwalimu akienda sokoni akiwa na huzuni ya kukosa vitu vya kwao, anapita katikati ya vitu vya kwao. Hata bata mzinga, ndege wa heshima wa siku hiyo, ni wa hukohuko.

Kinachomgeuka ni majira. Siku ya Shukrani ni sikukuu ya mavuno, nayo inamfika Mpanda wakati watu wanapanda. Mavuno ya Mei na Juni yameanza kupungua ghalani, na wenye busara wameanza kupima unga kwa kibaba. Maboga hayapo, kwani hukomaa masika yakielekea kwisha. Kilichopo ni embe za kwanza, na baada ya mvua kunyesha vizuri, uyoga wa msituni unaouzwa kando ya barabara. Wasukuma waliohamia mkoani na mifugo yao wanayo michembe waliyokausha wakati wa kiangazi. Kutoka ziwani, Karema na Ikola, zinafika migebuka na dagaa. Mtu akitaka kupika sikukuu ya vuli ya Marekani kwa vitu hivi, hana budi kuwa na mwenyeji karibu.

Tuliwahi kualikwa katika karamu moja ya aina hiyo, miaka kadhaa iliyopita, katika nyumba ya kupanga huko Makanyagio. Mwalimu alikuwa msichana wa hesabu na fizikia, katika mwaka wake wa kwanza. Mwenye nyumba alikuwa ajuza Muislamu ambaye asili ya wazee wake ni Ujiji, na kwa adabu ya mji mwalimu alimwita Bibi. Siku mbili kabla, mwalimu alimwuliza kama bata mzinga anapatikana.

"Bata mzinga tumtoe wapi, mjukuu wangu? Kuku wapo," akasema Bibi. "Unataka wangapi? Na nani atachinja?"

Hilo la mwisho mwalimu hakuwa amelifikiria. Katika nchi yetu, kama msomaji ajuavyo, desturi ya siku nyingi ni kwamba nyama itakayoliwa na mchanganyiko wa watu huchinjwa na Muislamu, ili mgeni yeyote ale bila kuuliza. Bibi alimwita kijana mmoja msikitini, akaja baada ya swala ya alfajiri, akachinja kuku wanne, akapewa chai, akaenda zake. Jambo lenyewe lilichukua nusu saa, na kwa nusu saa hiyo majirani wote Waislamu wakawa wamealikwa kweli, badala ya kualikwa kwa mdomo.

Kulikuwa na suala la kuoka. Mwalimu alikuwa amekata tamaa kwa kuwa jiko la kuokea halikuwapo. Bibi akamcheka. Alichukua sufuria, akaweka mchanganyiko wa viazi vitamu vya bondeni vilivyopondwa na sukari, mayai na iliki, akafunika kwa sinia la bati, akapalia makaa juu na kuacha mengine machache chini, kama wapikavyo mkate wa kumimina watu wa pwani na wa Ujiji tangu enzi. Mchuzi mwekundu wa matunda ambao Wamarekani hula na bata mzinga ulifanywa kwa ukwaju. Na wali ukapikwa ingawa mwalimu alieleza kwamba kwao hauhitajiki. "Sikukuu bila wali?" Bibi akauliza, na mjadala ukaishia hapo. Mchele ulikuwa wa Mwamkulu.

Tulikuwa watu kama kumi na wawili mkekani. Walikuwapo walimu wenzake, mama wa nyumba ya pili na watoto wake, wasichana wawili wa Kidato cha Tatu walioletwa na mzazi wao na kuchukuliwa na mzazi wao kabla ya giza, na mzee mmoja ambaye hatukujua nani amemwalika, lakini hakuna karamu isiyo na mzee wa namna hiyo. Desturi ya kwao ni kwamba kabla ya kula kila mtu ataje jambo analoshukuru. Mwalimu aliieleza kwa Kiswahili chake kilichokuwa bado kinachechemea. Mwalimu wa Kiswahili, mtu wa Tanga, alisema anashukuru kwamba ombi lake la uhamisho hatimaye limejibiwa, ingawa jibu ni hapana. Watu wakacheka sana. Mmoja wa wasichana alisema anashukuru kwa kuwa sasa anaelewa logariti. Bibi alipofikiwa alisema, "Alhamdulillah, mvua imenyesha," akaanza kupakua.

Wageni walipotawanyika tulibaki wachache, kwa sababu mwalimu alikuwa akingoja saa nne ya usiku. Mpanda imetangulia New York kwa saa nane katika mwezi huo, kwa hiyo wao wanapokaa mezani saa nane ya mchana, hapa watu wamekwisha kuswali Isha na wengi wamelala. Simu ikaunganika. Picha ilikuwa ikikatika, lakini tuliona meza ndefu na watu wengi wakipunga mikono, na mwanamke aliyejaribu kusema neno akashindwa. Bibi, ambaye hakujua Kiingereza, akaisogelea simu.

"Mwambie mama yako," akasema, "mtoto amekula."

Mwalimu alitafsiri. Hatukuona sura ya mama kwa sababu picha iliganda hapohapo, ila sauti tuliisikia.

Tunajua kwamba wapo wasomaji wanaojiuliza, tangu aya ya kwanza, kama inafaa Muislamu kuhudhuria karamu kama hiyo. Swali hilo ni la haki, na anayeliuliza asidhihakiwe. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina alikuta watu wana siku mbili za michezo, akawaambia kwamba Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa siku mbili bora kuliko hizo, nazo ni Idi zetu. Kwa sababu hiyo wapo masheikh wanaomtaka Muislamu ajizuie kabisa na sherehe za wengine. Wapo wengine wanaoitofautisha sikukuu ya ibada na siku ya desturi ya nchi, nao huiona hii ya shukrani kuwa ni mlo wa familia usio na ibada ndani yake, alimradi chakula ni halali, hapana ulevi, na adabu ya wanawake na wanaume inachungwa. Gazeti si mufti. Kila familia imwulize sheikh inayemwamini, na isiifanye hukumu yake kuwa fimbo ya kuipigia familia ya jirani.

Lakini kabla ya kufika kwenye karamu kuna mambo ambayo hatujui mwenye kuyapinga. Kumjulia hali mwalimu siku yake, kumtumia sahani ya chakula, kumwambia mtoto wako amsalimie kwa kuitaja siku hiyo: haya ni haki za jirani. Sura ya Al-Mumtahina, katika aya yake ya nane, inaruhusu wema na uadilifu kwa wasio wa dini yetu ambao hawatupigi vita wala kututoa majumbani mwetu. Swahaba Abdullah bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza, tena akarudia kuuliza, kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa fungu. Na kuhusu mwalimu hasa, imepokewa katika sira kwamba baadhi ya mateka wa Badri walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Ikiwa elimu ilipokewa kutoka kwa mateka wa vita, basi huyu aliyekuja kwa hiari yake anastahili angalau kujuliwa hali.

Yapo pia mambo ya hesabu ya mwezi. Mwaka 2001 na 2002 Siku ya Shukrani iliangukia ndani ya Ramadhani, na mwaka 2003 ilikuja siku chache tu baada ya Idi el-Fitri. Kwa mzunguko wa miandamo, Ramadhani inatarajiwa kuikuta tena siku hiyo mwaka 2034 na 2035. Mwalimu atakayekuwa Mpanda wakati huo, na jirani zake wamefunga, atakuwa na jambo jepesi kuliko wenzake: aisogeze karamu ifike magharibi, na futari itakuwa tayari katika kila nyumba.

Upande wa pili wa jambo hili ni Idi zetu na nafasi ya mgeni ndani yake. Hapa tuna neno kidogo la lawama kwa familia zetu. Tunawapenda wageni, lakini mara nyingi tunawapenda kama pambo. Mwalimu anaalikwa Idi, anakalishwa kwenye kiti kimoja kizuri kilichopo, analetewa soda na sahani iliyojaa, watoto wanakusanyika kumtazama, anapigwa picha na watu asiowajua, kisha anasindikizwa. Anarudi kwake ameshiba na amechoka, na hakuzungumza na mtu. Wengine humfanyia daawa ya haraka, kwa kumwuliza mbele ya watu atasilimu lini, na yeye hajui aweke wapi uso. Yule Bibi wa Makanyagio alifanya tofauti. Siku ya Idi alimpa mwalimu kanga, akamwingiza jikoni tangu asubuhi, akamkabidhi vitunguu. Mwalimu alilia kwa vitunguu kama wanawake wengine, akasikia habari za ndoa na za mashamba, akatumwa kupeleka sahani nyumba ya tatu na nyumba ya tano. Kufikia adhuhuri alikuwa anajua nani ni mkwe wa nani. Tangu siku hiyo hatukumsikia tena akiitwa "mzungu" katika mtaa ule, akawa "mwalimu wa kwa Bibi."

Mkoa wa Katavi, kwa hakika, haukosi watu wanaofahamu maana ya kubeba siku ya kwao moyoni katika nchi nyingine. Waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Walifyeka pori, wakalima, wakajenga shule, na wengi mno katika wao wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Kwa miaka hiyo yote tarehe 1 Julai, siku ya uhuru wa Burundi tangu 1962, ilipita kama siku nyingine ya kuvuna, isipokuwa kwa wazee walioikumbuka. Hao hawakuja kwa kujitolea wala hawakuwa na tiketi ya kurudi, na hatupendi kuzilinganisha hali hizi mbili kana kwamba uzito wake ni mmoja. Tunasema tu kwamba asiyejua upweke wa sikukuu anaweza kuuliza Katumba.

Sasa tuifikie ile sababu nyingine tuliyoiahidi. Vijana wetu nao wanakwenda. Kila mwaka walimu vijana kutoka Tanzania na Kenya huchaguliwa, kwa mpango wa Fulbright, kwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Wamo Waislamu miongoni mwao. Wazazi huko Unguja, Tanga, Tabora na hata Mpanda huwafungia sanduku, huwasomea dua, na hawawazi kwamba Idi itamkuta mtoto siku ya Jumanne yenye vipindi vitatu. Jiji la New York lilitangaza mwaka 2015 kwamba shule zake za umma zitafungwa siku za Idi, na ipo miji mingine yenye Waislamu wengi, kama Dearborn, inayofanya hivyo. Kwengineko Idi ni siku ya kazi. Kijana huamka, huvaa kanzu chini ya koti, hutafuta msikiti ulio mwendo wa saa moja kwa gari la mtu mwingine, huswali na Wasomali, Wapakistani na Wabosnia, kisha hurudi darasani kufundisha ngeli za nomino.

Kwa wazazi wenye mtoto wa namna hiyo tuna mashauri machache yaliyotokana na wale waliokwenda na kurudi. Mwekeeni udi na chetezo kidogo katika sanduku, ila ulizeni kwanza kama bweni lina king'ora cha moshi, maana kijana mmoja alilitoa bweni zima nje kwenye theluji. Mfundisheni kupika chakula kimoja cha sikukuu kwa ukamilifu, mtoto wa kiume pia. Msimpigie simu ya Idi asubuhi yenu, kwani kwake ni usiku wa manane. Pigeni saa tisa ya alasiri ya hapa, naye atakuwa anajiandaa kwenda kuswali. Na mwambieni mapema awajulishe wenzake kazini siku inakaribia, kwa sababu watu wa huko hawana njia ya kuijua, na wengi wao wakijua hufurahi kufanya jambo.

Mmoja wa vijana hao, binti wa Tabora aliyefundisha katika chuo cha mji mdogo, alitueleza alivyoalikwa Siku ya Shukrani na familia ya mwalimu mwenzake. Walikuwa wamesafiri hadi mji wa jirani kununua bata mzinga aliyechinjwa kihalali, bila yeye kuomba. Baada ya kula, mama mwenye nyumba alimwuliza Idi itakuwa lini. Akamjibu kwamba haijulikani kwa yakini, inategemea mwezi kuandama, itakuwa siku moja kati ya mbili. Mama yule alikwenda kwenye kalenda iliyobandikwa mlangoni mwa friji, akazizungushia tarehe zote mbili kwa penseli, akauliza kama kuku atatosha au atafute mbuzi.